Nafasi Ndani ya Mkondo wa Faili: Kazi ya fseek katika Lugha ya C

Katika lugha ya C, programu haigusi faili moja kwa moja kama ilivyo kwenye diski, bali huifikia kupitia mkondo, yaani mfululizo wa baiti unaosomwa au kuandikwa kwa utaratibu, baiti moja ikifuata nyingine, huku maktaba ya lugha ikitunza taarifa chache kuhusu mfululizo huo. Miongoni mwa taarifa hizo imo alama ya nafasi, ambayo ni nambari inayoonyesha ni baiti ngapi zimetangulia mahali ambapo usomaji au uandishi unaofuata utaanzia. Faili inapofunguliwa ili isomwe, alama hiyo huwa sifuri. Zikisomwa baiti kumi, alama husogea hadi kumi, na itaendelea kusogea vivyo hivyo hadi mwisho wa faili iwapo hakuna amri inayoielekeza kwingine. Amri kuu ya kuielekeza kwingine ni fanksheni iitwayo fseek, na fanksheni, kwa asiyezoea istilahi hii, ni kipande cha programu chenye jina, kinachopewa thamani fulani, kikafanya kazi moja na kurudisha jibu. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba fseek hutii hesabu inayopewa bila kujua maana ya baiti inakotua, na kwa sababu hiyo usahihi wa kazi yote hutegemea mpangilio wa faili, ambao hauna budi kuamuliwa kabla programu yenyewe haijaanza kuandikwa.

Lugha ya C ilibuniwa na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikakua sambamba na Unix, mfumo endeshi ulioasisiwa na Ken Thompson katika maabara hiyo hiyo. Kompyuta ya PDP-11, ambayo kazi hiyo ilifanyiwa, ilihesabu kwa nambari za kawaida zenye biti 16, na nambari ya namna hiyo, hata isipobeba alama ya kutoa, haiwezi kupita 65,535. Kwa faili ndefu kuliko kiasi hicho, amri ya kale iliyoitwa seek iliruhusu hesabu ifanywe kwa mafungu ya baiti 512 badala ya baiti moja moja, mbinu iliyofanya kazi lakini iliyomlazimu mwandishi wa programu kuigawa safari moja katika hatua mbili. Toleo la 7 la Unix, lililotoka mwaka 1979, lilileta amri ya lseek, inayopokea nambari ndefu ya biti 32, pamoja na maktaba ya mikondo ambamo fseek imo. Miaka kumi baadaye, mwaka 1989, kiwango rasmi cha lugha kilipitishwa Marekani, na masharti ya fseek yaliyomo humo ndiyo yanayofuatwa hadi leo kwa mabadiliko madogo tu.

Fanksheni hii hupewa mambo matatu: mkondo wenyewe, idadi ya baiti za kusogea, na mahali ambapo hesabu inaanzia. Mahali hapo pana majina matatu, nayo ni SEEK_SET, ambalo ni mwanzo wa faili, SEEK_CUR, ambalo ni pale alama ilipo wakati huo, na SEEK_END, ambalo ni mwisho wa faili. Idadi ya baiti inaweza kuwa chanya, kwa kwenda mbele, au hasi, kwa kurudi nyuma. Jibu linalorudishwa ni sifuri iwapo kazi imefanikiwa, na nambari nyingine yoyote iwapo imeshindikana. Ziko fanksheni nyingine mbili zinazoandamana nayo: ftell, inayotaja alama ilipo au kurudisha hasi moja ikishindwa, na rewind, inayorudisha alama mwanzoni na kufuta kumbukumbu ya hitilafu iliyokuwapo. Hii ya mwisho hairudishi jibu lolote, na fanksheni ambayo haiwezi kusema kwamba imeshindwa haistahili kutegemewa katika kazi nzito. Fseek yenye sifuri na SEEK_SET hufika mahali pale pale na hutoa jibu.

Kwa msomaji wa Suneka, na wa Kisii na Nyamira kwa jumla, mfano ulio karibu ni daftari la majani ya chai. Katika nyanda za juu za kaunti hizi mbili, wakulima wadogo huuza majani mabichi kwa viwanda vilivyo chini ya KTDA, taasisi iliyoanza kama mamlaka ya serikali mwaka 1964 na kugeuzwa kampuni ya wakulima mwaka 2000, na majina ya viwanda hivyo, kama vile Ogembo na Kiamokama upande wa Kisii, au Kebirigo, Nyansiongo na Sanganyi upande wa Nyamira, yanajulikana katika kila nyumba ya mkulima. Majani hupimwa kituoni, kilo zikaandikwa kwenye nambari ya mkulima, naye akalipwa sehemu kila mwezi huku akingoja bonasi ya kila mwaka. Ichukuliwe kwamba mwanafunzi wa kompyuta anajitungia faili yake ya mazoezi yenye wakulima 300 wa kituo kimoja. Faili hiyo ni ya kufundishia tu na haielezi mfumo wa kampuni yoyote.

Mwanafunzi huyo huamua kwamba kila mkulima atakuwa na rekodi, yaani fungu la taarifa zinazokaa pamoja, yenye urefu usiobadilika wa baiti 48. Baiti 4 za kwanza zinabeba nambari ya mkulima, 36 zinazofuata zinabeba jina, 4 nyingine zinabeba uzito wa mwezi, na 4 za mwisho zinabeba uzito wa mwaka. Uzito huwekwa kwa gramu badala ya kilo, ili nusu kilo na robo kilo ziandikwe kama nambari kamili zisizo na desimali, kwa kuwa desimali ndani ya kompyuta huwa na makosa madogo ya ukadiriaji ambayo hujikusanya kadiri yanavyojumlishwa, na mkulima anayehesabu kilo zake kwa kalamu hatakubali tofauti hata iwe ndogo. Baada ya uamuzi huo, rekodi ya mkulima yeyote hufikiwa kwa hesabu moja tu. Waliomtangulia mkulima wa 300 ni 299, na 299 mara 48 ni 14,352. Hiyo ndiyo nafasi inapoanzia rekodi yake, nayo hufikiwa hivi:

fseek(daftari, (n - 1) * 48L, SEEK_SET);

Herufi L iliyo baada ya 48 inaamuru kuzidisha kufanywe kwa nambari ndefu, na ile moja inayotolewa kwenye n ndiyo inayozuia kosa la kawaida kuliko yote. Ikisahaulika, programu haitasimama wala kulalamika. Itatua kwenye rekodi ya jirani na kumwandikia kilo zisizo zake, na mtu wa kwanza kugundua atakuwa mkulima aliyepunjwa.

Kuna jambo linalopaswa kusemwa wazi hapa, kwa sababu vitabu vingi vya kufundishia huisifu fseek kwa kasi. Faili nzima ya wakulima 300 ina baiti 14,400 tu, kiasi ambacho kompyuta yoyote ya leo huweza kukisoma chote kwa mkupuo mmoja kabla mtu hajapepesa jicho, kwa hiyo kuruka moja kwa moja hadi rekodi ya mwisho hakumwokolei mtumiaji muda anaoweza kuuona. Faida ya kweli kwa faili ndogo iko kwenye uandishi: rekodi moja hubadilishwa pale pale ilipo, na nyingine 299 hubaki bila kuguswa. Kasi huanza kuwa na maana pale wakulima wanapokuwa maelfu kwa maelfu, na kumbukumbu za miaka mingi zinapowekwa katika faili moja.

Uandishi wa pale pale una mtego wake. Programu ikishasoma rekodi ya mkulima wa 300, alama haibaki mwanzoni mwa rekodi hiyo. Usomaji wenyewe umeisogeza baiti 48 mbele, na uandishi ukifanywa bila kurudi nyuma utaangukia baada yake. Ndiyo maana kati ya kusoma na kuandika huwekwa amri ya kurudi:

fseek(daftari, -48L, SEEK_CUR);

Amri hii ina kazi ya pili ambayo wengi hawaijui. Maktaba ya C husoma diski kwa mafungu makubwa na kuyaweka katika bafa, yaani hifadhi ya muda iliyo kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kisha huigawia programu kidogo kidogo kadiri inavyoomba. Kiwango cha lugha kinasema kwamba katika mkondo uliofunguliwa kwa kusoma na kuandika pamoja, programu haipaswi kuhama kutoka usomaji kwenda uandishi bila kupita kwanza kwenye fanksheni ya kuweka nafasi, isipokuwa usomaji uwe umefika mwisho wa faili, na vilevile haipaswi kutoka uandishi kwenda usomaji bila fseek au bila kuimwaga bafa kwa fflush. Hata mahali ambapo alama tayari iko panapotakiwa, fseek yenye sifuri na SEEK_CUR bado ni ya lazima. Programu inayokiuka sharti hili inaweza kufanya kazi vizuri kwenye mashine moja na kuharibu faili kwenye nyingine.

Mpangilio wa rekodi ukibadilika na faili ya zamani ikabaki ilivyo, madhara yake yanaonekana vizuri kwa hesabu. Ichukuliwe kwamba mwanafunzi ameona baiti 36 za jina hazitoshi, akaziongeza ziwe 40, rekodi ikawa na baiti 52, kisha akaifungua faili ya zamani kwa programu mpya. Kwa mkulima wa 300 programu itazidisha 299 kwa 52 na kupata 15,548, nafasi ambayo kwenye faili ya rekodi 300 iko nje kabisa ya mwisho; fseek itakubali bila pingamizi, na ni usomaji utakaofuata ndio utakaorudi mikono mitupu. Hapo kosa limejitangaza, na hiyo ni bahati. Kama faili ingekuwa na wakulima 400, nafasi hiyo hiyo ingeangukia ndani ya rekodi ya mkulima wa 324, baiti 44 kutoka mwanzo wake, yaani pale palipohifadhiwa uzito wake wa mwaka, na programu ingeuchukua uzito huo ikidhani ni nambari ya mkulima wa 300. Kwa sababu hii waandishi makini wa programu huweka mwanzoni mwa faili rekodi fupi inayotaja urefu wa rekodi na toleo la mpangilio, na programu huisoma kwanza kabla ya kuzidisha chochote.

Jina nalo lina mambo yake. Majina mengi ya Abagusii yana sauti ya ng', kama Nyang'au, Mong'are na Ong'era, na alama ile ya ritifaa inaweza kuchapwa kwa namna mbili. Ile iliyonyooka huchukua baiti moja; ile iliyopinda, ambayo simu na programu za kuandikia barua huiweka zenyewe bila kuulizwa, huchukua baiti tatu katika mfumo wa UTF-8, unaotumika karibu kila mahali siku hizi. Hivyo Nyang'au lenye ritifaa iliyonyooka lina baiti 8, na lenye iliyopinda lina baiti 10, ingawa kwa jicho la msomaji ni jina lile lile lenye herufi zile zile. Kwa kuwa fseek huhesabu baiti wala si herufi, anayetarajia kufika herufi ya tano kwa kusogea baiti nne atafaulu kwenye majina fulani na kukwama kwenye mengine, na anayelikata jina refu lifike baiti 36 anaweza kuikata ritifaa katikati na kuacha kipande kisichosomeka.

Kwa sababu inayokaribiana na hiyo, kiwango cha lugha kimeweka mipaka mikali kwa faili zilizofunguliwa kama maandishi. Katika Windows, mwisho wa kila mstari huhifadhiwa kwa baiti mbili kwenye diski, ilhali programu inayosoma faili kama maandishi huonyeshwa moja tu, na hapo hesabu ya programu na hesabu ya diski huachana. Kinachoruhusiwa kwenye mkondo wa maandishi ni kwenda mwanzo, kwenda mwisho, au kurudi mahali ambapo ftell ilipataja hapo awali. Kujumlisha na kutoa baiti kwa makisio hakuna dhamana. Faili yoyote itakayofikiwa kwa hesabu na ifunguliwe kama baiti ghafi, kwa kuongeza herufi b kwenye amri ya kuifungua.

Mfano wa pili unatoka kwenye sauti, na ndio unaoonyesha kwa nini kurudi nyuma ni hitaji halisi. Obokano, zeze kubwa la Abagusii lenye nyuzi nane, hurekodiwa leo kwa kompyuta, na sauti isiyobanwa mara nyingi huhifadhiwa katika faili ya aina ya WAV. Katika umbo lake la kawaida faili hiyo huanza na kichwa cha baiti 44. Kwenye nafasi ya 4 huandikwa urefu wa faili nzima ukiondoa baiti 8, na kwenye nafasi ya 40 huandikwa urefu wa sauti yenyewe. Kuanzia nafasi ya 44 ni sauti tupu. Tatizo liko wazi: kichwa hutangulia, lakini urefu haujulikani hadi mpigaji anyamaze. Programu huandika kichwa chenye sifuri katika sehemu hizo mbili, hurekodi hadi mwisho, huuliza ftell na kutoa 44 ili kupata urefu wa sauti, kisha hurudi hivi:

fseek(sauti, 4L, SEEK_SET);

Hapo huandika nambari ya kwanza katika baiti nne, baiti yenye thamani ndogo kabisa ikitangulia, halafu husogea hadi 40 na kuandika ya pili. Umeme ukikatika kabla ya hatua hiyo, sauti yote inaweza kuwa iko salama kwenye diski na bado vichezaji vingi vikaiona faili kuwa tupu, kwa kuwa kichwa kinasema urefu ni sifuri. Programu nzuri ya kurekodi haingoji mwisho. Kila baada ya muda mfupi hurudi kichwani, husahihisha nambari mbili, kisha huenda tena mwisho kwa SEEK_END na kuendelea. Faili iliyokwisha kuharibika kwa namna hii hutibika kwa kuipima urefu na kuandika upya baiti nane tu.

Kazi hiyo hiyo hufichua mitego miwili inayohusu namna ya kuifungua faili. Mkondo uliofunguliwa kwa hali ya kuongezea, inayoandikwa kwa herufi a, huandika mwishoni siku zote, hata fseek ikiwa imetangulia na kurudisha sifuri. Nambari zilizokusudiwa kichwani zitafuatana nyuma ya sauti, na kichwa kitabaki na sifuri zake. Mtego wa pili ni pale sauti inapopelekwa kwenye programu nyingine kwa bomba, yaani njia inayounganisha programu mbili bila kupitia diski. Baiti zilizokwisha kupita kwenye bomba hazirudi, na fseek husema hivyo kwa kurudisha jibu lisilo sifuri, lakini husema kwa anayeuliza tu. Programu isiyokagua jibu huendelea kana kwamba imefika.

Upande wa mbele nako hakuna ukuta. Katika Linux na mifumo mingine ya jamii ya Unix, alama inaweza kupelekwa mbali kupita mwisho wa faili, na kitu kikiandikwa huko, pengo lililoachwa husomeka kama baiti za sifuri. Mwanafunzi mwenye wakulima 300 akimwandikisha kwa kukosea mkulima wa 1,000, faili yake itarefuka hadi baiti 48,000, na kati yake watatokea wakulima 699 wasio na jina, wenye nambari sifuri na gramu sifuri. Kurudi nyuma kupita mwanzo, kinyume chake, hukataliwa.

Limebaki suala la ukubwa. Nambari ndefu ya biti 32 inayobeba alama ya kutoa hukomea 2,147,483,647, na hicho ndicho kilele cha fseek kwenye kompyuta ambako nambari ndefu bado ina biti 32, ikiwemo Windows hata iwe ya biti 64. Sauti ya njia mbili, yenye vipimo 44,100 kwa sekunde na baiti mbili kwa kila kipimo, hula baiti 176,400 kila sekunde, kwa hiyo kilele hicho hufikiwa baada ya muda wa saa 3 na dakika 23 hivi, na sherehe ya harusi inayorekodiwa mchana kutwa huupita bila shida. Kiwango cha 1989 kilitoa jozi ya fgetpos na fsetpos, ambazo huhifadhi nafasi katika umbo lisiloonekana na huweza kuirudia ile ile, ila haziruhusu hesabu yoyote juu yake. Kwa hesabu, mifumo ya Unix ina fseeko, na Microsoft ina _fseeki64, zote zikipokea nambari ya biti 64 pale mazingira yanapoandaliwa ipasavyo. Hata hivyo faili ya WAV ina ukomo wake yenyewe: urefu uliomo kichwani una baiti nne, kwa hiyo hauwezi kupita 4,294,967,295, na sauti ya kiwango hicho hufika hapo kabla ya saa 7 kutimia, fanksheni yoyote itakayotumika.